Niliwafungia Nyumbu Njia

Niliwafungia nyumbu njia ya kuvuka mto Mara, na mgeni wangu aliponiuliza kilichotokea nikamwambia ni maumbile. Nilikosa mara mbili siku ile, kwanza kwa gari, kisha kwa ulimi. Kosa la gari liliisha jioni hiyohiyo. La ulimi niliishi nalo miaka, huku nikiendelea kupokea wageni na kusifiwa kuwa mwongozaji mzuri.

Kwetu Ukuryani, aliyeharibu jambo husimama kwenye iritongo, mkutano wa hadhara wa jamii, akalisema mbele ya wakubwa na wadogo. Kosa langu halikufika huko. Nyumbu hawana wa kuwasemea, na siku ile hapakuwa na askari wa hifadhi karibu. Sikutozwa faini wala kunyang'anywa leseni. Nalisema hapa kwa sababu Watanzania wengi sasa wanakuja kutembea upande wetu, wilaya za Tarime na Serengeti, na madereva vijana wanaingia kazini kila msimu wakituangalia sisi wakongwe tunavyofanya. Nisingependa hata mmoja wao ajifunze kwangu nililolifanya siku ile.

Yote yalianza na ahadi niliyoitoa kwa simu.

Mwalimu mstaafu kutoka Mwanza alinipigia mwezi wa Juni. Alikuwa amejiwekea akiba kidogo kidogo ili awalete wajukuu zake Serengeti. "Mwanangu," aliniambia, "nimefundisha jiografia hadi nikastaafu. Safari ya nyumbu nimeichora ubaoni mara nyingi, lakini kwa macho yangu sijaiona." Kisha akauliza swali ambalo kila mgeni huuliza: siku moja inatosha?

Haitoshi, na nilijua haitoshi. Nyumbu wa Serengeti ni kama milioni 1.3, pamoja na pundamilia na swala kwa mamia ya maelfu, na wote wanafuata mvua na majani, si kalenda. Kuanzia Desemba hadi Machi wako kusini, nyanda za Ndutu, na Februari ndipo wanapozaa kwa wingi. Mei na Juni wanapita magharibi, upande wa mto Grumeti. Julai hadi Oktoba wanakuwa kwetu kaskazini, Kogatende na Lamai, maana mto Mara haukauki wakati mito mingine imebaki madimbwi. Lakini hata katika miezi hiyo, hakuna anayejua watavuka saa ngapi. Wanaweza kuvuka asubuhi wakaenda upande wa Kenya, wakarudi kesho yake. Wanaweza kusimama ukingoni tangu saa tatu hadi saa kumi, kisha wakageuka na kurudi kula majani. Mwongozaji mkweli husema: njoo siku tatu, na hata hizo hazina uhakika.

Mimi nilisema, "Inatosha, mwalimu. Nakuhakikishia mtawaona wakivuka."

Nilijitetea moyoni kwamba nisiposema hivyo atapata dereva mwingine atakayemwambia anachotaka kusikia. Sisi waongozaji tunagombania wageni, na kila tangazo la safari lina picha ileile ya nyumbu akiruka majini. Mgeni anakuja ameshaiona picha hiyo, anadhani ameilipia. Nami badala ya kumwondolea dhana hiyo nikaitia muhuri. Toka dakika ile nilikuwa na deni la kitu kisicho changu, na mtu mwenye deni la namna hiyo huwa hachelewi kufanya ubaya.

Walilala Tarime mjini, tukaondoka alfajiri. Kulipopambazuka tulikuwa barabarani katikati ya vilima. Kando ya njia mama mmoja alikuwa anaanika ulezi juu ya turubai, anausambaza kwa kiganja, polepole, rangi yake nyekundu ya kahawia ikijaa turubai zima. Mjukuu mdogo akaniuliza ile ni nini. Dada yake akaomba tusimame wapige picha. Niliangalia saa, nikawajibu, "Hapa hamna kitu, subirini tufike mtoni."

Hamna kitu. Nilizaliwa kwenye vilima hivyo. Ule ulezi ndio uji nilionyweshwa nikiwa mtoto. Nimeliweka jambo hili katika maungamo kwa sababu naamini halitengani na lile la mtoni. Mtu anayepita kwao akiwaambia watoto wa watu kwamba hamna kitu ameshaamua kwamba safari nzima ina thamani ya dakika chache za vumbi na maji, na dakika hizo lazima zipatikane hata kwa nguvu.

Tuliingia hifadhini upande wa Lamai. Kufikia saa nne tulikuwa mtoni. Sehemu ambazo nyumbu huvukia tumezipa namba, na kwenye redio ya gari nilisikia wenzangu wakiitana: kundi linakusanyika, linashuka, limerudi. Tulilikuta. Ng'ambo na ng'ambo ya mto palikuwa na magari, lakini yalikuwa yamekaa mbali, nyuma ya vichaka, kama kanuni inavyotaka. Kanuni yenyewe ni nyepesi: magari yanakaa nyuma, injini zimezimwa, mpaka wale wa mbele waingie majini na mstari uanze kutiririka. Hapo ndipo mnasogea taratibu, bila kukaa kwenye mdomo wa njia wanayoshukia wala pale wanapotokea. Nyumbu wa mbele ndiye anayeamua kwa niaba ya maelfu. Akiona kitu kigeni kwenye njia yake, anageuka, na walio nyuma yake hawajui kwa nini.

Walishuka mpaka kwenye maji, wakanusa, wakarudi. Wakashuka tena. Pundamilia mmoja akashtuka, kundi zima likapanda juu kwa kishindo, vumbi likatufunika. Ikawa saa nane, ikawa saa tisa. Watoto walikuwa wamemaliza lanchi boksi zao na wamechoka. Ilitubidi tutoke langoni kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mwalimu akaniona ninavyoangalia saa. Akasema, "Mwanangu, hata wasipovuka si neno. Tumeona wengi kuliko nilivyowahi kuwachora."

Mgeni wangu mwenyewe alinisamehe ahadi yangu kabla sijaivunja, na sikumsikiliza. Niliwasha gari.

Niliteremka mteremko hadi karibu na njia yao, ili watoto wawe mbele kabisa watakaposhuka. Niliwaambia wenye magari mengine kwa redio kwamba nasogea kidogo tu. Kidogo tu ndiyo iliyofungua mlango. Kila dereva aliogopa wageni wake wasije wakaachwa nyuma, na muda si mrefu ukingo ulikuwa umepangwa magari ubavu kwa ubavu. Wale wa mbele walikuwa tayari wako kwenye mteremko. Waliyaona mabati yakimeta pale ambapo asubuhi palikuwa wazi. Wakageuka. Walio nyuma walikuwa wanasukuma, hawakuweza kurudi juu, wakaenda kandokando ya mto kuelekea chini, mpaka mahali ambapo ukingo si mteremko bali ni ukuta wa mawe. Hapo wakaruka.

Walivuka, naam. Watu walipiga kelele za furaha, wajukuu nao wakashangilia, picha zikapigwa. Nilisimama nimeshika usukani, nikajiambia kwamba ahadi imetimia.

Vumbi lilipotulia, chini ya ule ukuta wa mawe palikuwa na waliobaki. Mmoja alijaribu kusimama kwa miguu ya mbele, ya nyuma ikamkatalia. Alijaribu tena, akaanguka na kidevu juu ya jiwe. Wengine walikuwa wamelala wamegandamizwa, na ndama walikuwa wengi miongoni mwao, kwa sababu ndama wa miezi sita hawezi kuruka pale anaporuka mama yake. Ndama mmoja alikuwa amebaki upande wetu. Alikwenda hadi majini, akarudi, akapita mbele ya magari yetu akilia, akafika mwisho wa mstari wa magari, akarudi tena njia ileile. Hakuna gari lililoondoka kumpisha.

Mwalimu alishusha darubini. Hakupaza sauti, maana watoto walikuwa bado wanashangilia. "Mwanangu, hawa walikuwa wanashukia hapa tulipo. Ni sisi?"

"Hapana, mwalimu," nikamjibu. "Ni maumbile. Kila mwaka wanakufa maelfu."

Uongo ule ulikuwa na nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli. Nyumbu hufa mto Mara kila mwaka, hata pasipo na gari hata moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba mizoga 6,250 hivi huingia kila mwaka katika sehemu ya mto iliyo upande wa Kenya. Mizoga hiyo ni chakula cha mamba, tai, korongo na samaki, na mifupa ya nyumbu huchukua takribani miaka saba kuoza majini, ikiurutubisha mto. Hayo ndiyo maumbile. Yale ya siku ile yalitokana na gari langu. Nilichukua ukweli mkubwa wa mto nikajifunika nao, na niliyemdanganya ni mwanamke aliyetumia maisha yake kufundisha watoto mambo ya dunia jinsi yalivyo.

Jioni, mwongozaji mmoja mzee aliyekuwa ng'ambo ya mto alinifuata nikiwa naweka mafuta. Alinisalimu kwanza, kama desturi, kisha akasema, "Mura, umewafungia njia. Usiniambie hukuona." Nikamwambia magari yalikuwa mengi. Akanijibu, "Lilianza moja." Akaondoka. Sikulala vizuri usiku ule, lakini kesho yake nilipokea tipu yangu, nikanyamaza.

Nilinyamaza hadi Julai 2025, pale video kutoka Kogatende iliposambaa duniani. Watalii walikuwa wameshuka kwenye magari, wamejazana ukingoni, nyumbu wakihangaika kutafuta pa kupita. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Vijana kijijini walinipelekea video ile wakitaka maoni yangu kama mtu wa kazi. Mmoja aliandika kwamba wageni hawana adabu. Niliketi na simu mkononi nikashindwa kumjibu. Wageni wale hawakujiendesha wenyewe hadi pale. Kuna waliowapeleka na waliowaruhusu washuke, na huenda kuna waliowaahidi, kama mimi.

Nikapiga moyo konde, nikampigia mwalimu. Nilimkuta hai na mzima, namshukuru Mungu. Nikamwambia: siku ile tulikuwa sisi, mimi ndiye niliyesogea wa kwanza, na nilikudanganya. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Nilijua. Ila wajukuu niliwaambia ulivyoniambia wewe. Sasa itabidi niwafundishe upya." Halafu akaniuliza nawaambia nini wageni wangu siku hizi. Kwa sababu ya swali hilo nimeyaandika yanayofuata, ili kila anayepanga kuja ayapate kabla ya kunilipa mimi au mwenzangu yeyote.

Kwanza kabisa, usinunue ahadi ya kuvuka. Dereva akikuhakikishia kwamba utaona nyumbu wakivuka siku fulani, mwulize: tusipowaona, tutafanya nini? Mwenye jibu zuri la swali hilo ndiye wa kusafiri naye. Tenga usiku mbili au tatu kwa ajili ya mto, ili siku ya pili ikuondolee presha ya siku ya kwanza. Ukiwa na siku moja tu, usiifanye ya mto. Kutoka Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, lango la Fort Ikoma linakuingiza upande wa Seronera, katikati ya hifadhi, ambako simba, chui na tembo wanapatikana mwaka mzima. Kogatende iko mbali kaskazini, na watu hupoteza siku nzima barabarani wakidhani kila lango linakaribiana na mto.

Pili, kuna mambo ya langoni. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha raia ni nafuu mara nyingi kuliko cha mgeni wa nje, na lazima uthibitishe uraia. Fedha taslimu hazipokelewi langoni. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali au kwa kadi, basi yamalize mapema ukiwa na mtandao. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, iache nyumbani. Droni hairuhusiwi bila kibali. Mwendo hifadhini hauzidi kilomita 50 kwa saa, na usiku hakuna kutembea na gari.

Tatu, watu wengi huniuliza kama wanaweza kutoka Serengeti wakaingia moja kwa moja Maasai Mara. Hapana. Njia ya Bologonja imefungwa kwa watalii tangu mpaka ulipofungwa mwaka 1977. Nyumbu wanapita, wewe hupiti. Anayetaka kufika Kenya atoke hifadhini, aje Tarime, avukie Sirari akiwa na pasi yake na karatasi za gari. Na ukiwa karibu na mpaka angalia simu, kwani inaweza kudaka mtandao wa Kenya na salio likaisha bila habari.

Nne, mavazi. Mbung'o wa huku wanavutwa na rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi; mitego yao yenyewe hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki, kijani kilichofifia au kijivu, mikono mirefu. Asubuhi za Julai na Agosti ni baridi kwenye gari lililo wazi juu, watoto wavae sweta. Leso ya vumbi usiisahau. Dawa zako beba za kutosha, na lala ndani ya chandarua. Mvua zikianza, udongo mweusi wa mbugani hunasa gari hata lenye nguvu, kwa hiyo jaza mafuta Tarime au Mugumu na usiende peke yako.

Tano, ukiwa mtoni, usishuke, usipige kelele, usimsukume dereva. Na hapa nasema na mgeni kwa heshima: ukimwona dereva anawasha gari kabla nyumbu hawajaingia majini, mwambie arudi nyuma. Sisi tunamsikiliza mgeni kuliko tunavyosikiliza kanuni, na hiyo ni aibu yetu, lakini itumie. Kule Bwindi nchini Uganda, kundi moja la sokwe wa milimani hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, nao hukaa saa moja tu. Hakuna anayelalamika kwamba ameibiwa, kwa sababu aliambiwa hivyo kabla ya kulipa. Nasi tungeweza kuwaambia wageni wetu mapema hivyohivyo.

Sita, na hili ndilo ninalotamani ningelimjibu yule mtoto aliyeuliza kuhusu ulezi: simama njiani. Tarime ni nchi ya vilima vyenye ubaridi, migomba na kahawa. Jioni omba kusikia litungu, kinanda chetu cha nyuzi nane chenye sauti nzito inayosikika hadi kifuani. Ukipenda nyama, ulizia kichuri, ule kwa ugali wa mtama au wa muhogo pamoja na watu wa pale, ukae ukisikiliza habari za mahari, ng'ombe na mpaka. Ukishuka wilaya ya Serengeti utawakuta Wangoreme, Waikoma, Wanata na Wataturu. Vijiji vya Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti na jirani zao vinatunza ardhi ya wanyamapori ya Ikona nje ya hifadhi, na wageni wanaolala huko wanaacha fedha kijijini. Waikoma wana Machaba, meno ya tembo wanayoyaheshimu kama kinga ya watu wao. Usiombe kuonyeshwa. Inatosha kuhadithiwa na mzee, na kuelewa kwamba si kila kilichopo kipo kwa ajili ya macho ya mgeni.

Ukifika kijijini pita kwanza ofisi ya mtendaji, omba mtu wa kukutembeza, mlipe. Piga picha baada ya kuruhusiwa, na watoto waache. Desemba ni msimu wa jando; usilipe mtu akupeleke kutazama. Ukisikia msichana anaandaliwa kukeketwa, hiyo si burudani ya utamaduni, ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1998, toa taarifa polisi. Na kama unakuja kwa barabara kutoka Musoma au Mwanza, pita Butiama, ulipo mji wa Mwalimu Nyerere, kaburi lake na makumbusho yake, kabla ya kuelekea Natta na Mugumu.

Kuna habari moja ambayo siku hizi nawasimulia wageni tunapongoja mtoni, na ambayo mwalimu wa jiografia angeipenda kuliko picha yoyote. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa babu zetu, ikaua na nyumbu. Kwa miongo mingi ugonjwa ulikuwa ukitoka kwa ng'ombe na kurudi porini. Ng'ombe wa kuzunguka Serengeti walipochanjwa, sotoka ikatoweka porini kufikia mwaka 1963. Nyumbu waliokuwa takribani 250,000 mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960 wakaongezeka hadi milioni 1.3 mwaka 1977. Mwaka 2011 ugonjwa ukatangazwa kutokomezwa duniani kote. Kwa hiyo kundi linalokufanya uache kazi zako uje hadi huku limesimama kwa sababu wafugaji walikubali mifugo yao ichomwe sindano. Wazee wetu walilipa sehemu ya gharama yake. Mimi mtoto wao nilikuwa nalivunja miguu kwenye mawe kwa ajili ya mgeni wa siku moja.

Habari hiyo inamaliza saa nzima ya kungoja, na gari linakuwa limezimwa. Wageni wengine wameondoka bila kuona nyumbu hata mmoja akilowa maji. Wapo waliosikitika. Hakuna aliyenidai, kwa sababu sikuwaahidi.

Siombi kusifiwa kwa kuungama. Nimechelewa mno kustahili sifa. Waongozaji wenzangu wa Tarime, Mugumu na Arusha, nawaomba jambo moja: semeni ukweli kwenye simu, siku mgeni anapopiga mara ya kwanza, hata kama atakata na kumtafuta mwingine. Na wewe unayepanga safari, uliza lile swali la "tusipowaona, tutafanya nini?" kabla hujalipa, na siku ukifika mtoni, mwambie dereva wako akae nyuma. Mkikosa kuwaona wakivuka, rudini kupitia Tarime mchana, msimame.

Tarime kuna kitu.